Wikendi Baba Alipokuja Kumchukua Mama

Baba alishuka garini Ijumaa saa tisa mchana akiwa amekumbatia mkoba mweusi kifuani. Ndugu yangu mdogo alikuwa amejaribu kumpokea ule mkoba tangu Mumias, akanyimwa. Nilipomsogelea nimsaidie, mimi pia alinigeuzia bega.

"Huu wacha," akaniambia. "Huu si mzigo wako."

Nyuma yake alishuka dada yake, ambaye sisi humwita senge, kama wanavyoitwa kwetu dada za baba. Senge alibeba jogoo ndani ya kikapu, mkungu wa ndizi na viazi vitamu vilivyojaa gunia dogo. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya binti yangu wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa apokee kipaimara Jumapili hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza baba kulala kwangu Shirere. Ilikuwa pia mara yake ya kwanza kukanyaga mji wa Kakamega tangu mama afariki, ila hilo sikuliwaza kabisa. Nilikuwa nikiwaza magodoro.

Nyumba yangu ina sebule na vyumba viwili. Mume wangu yuko kazini Eldoret, na wikendi hiyo zamu zilimnyima ruhusa. Baba nilimpa chumba cha binti yangu, senge akalala na mimi na mtoto, na ndugu yangu akatandikiwa sebuleni. Nilikuwa nimeazima sufuria mbili kubwa kwa jirani, nimeomba viti kanisani, na nguo nyeupe ya mtoto ilikuwa bado kwa fundi kwa sababu mara ya kwanza aliikata fupi. Nawaeleza haya ili mjue kichwa changu kilikuwa wapi.

Saa moja jioni niliweka chakula mezani. Ugali wa wimbi, mboga ya mrenda, na nyama kidogo. Jogoo wa senge tulimwachia Jumapili. Baba aliketi, akavua kofia, akatazama sahani moja baada ya nyingine.

"Ya mama yenu iko wapi?" akauliza.

Ndugu yangu akainamia simu yake. Binti yangu akanitazama. Mama alikuwa ameaga dunia wakati wa ule ugonjwa uliofunga barabara na makanisa, na baba mwenyewe alikuwepo kwenye mazishi.

Senge hakushtuka. Aliinuka, akachukua sahani nyingine kabatini, akamega ugali, akapakua mrenda, akaifunika kwa bakuli na kuiweka mwisho wa meza.

"Hiyo hapa," akasema. "Atakula akifika."

Baba akaitikia kwa kichwa, akaanza kula. Alikula vizuri. Mimi nilitafuna tonge moja kwa muda mrefu sana, nikiitazama ile sahani iliyofunikwa.

Tulipokuwa tukiosha vyombo, senge aliniambia bila kuniangalia. "Ilianza na mvua za mwezi wa nne. Mara ya kwanza nilimbishia. Nikamwambia, huyo tulizika. Akalia kama mtu ambaye ndiyo anapata habari. Siku tatu hakula. Wiki iliyofuata akasahau, akauliza tena, nikamwambia tena, akalia upya. Sasa mimi nawekanga sahani tu."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Kwa simu? Ungefanya nini?" Akasugua sufuria. "Sasa anasema mama yako anamwita. Anasema amemtumia maneno."

"Maneno gani?"

"Muulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Nilikausha vyombo, nikavipanga, nikavipanga tena.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa jikoni nikikoroga uji binti yangu aliponijia taratibu, miguu mitupu.

"Mama, kuka anaongea na nani?"

Kuka ndiye babu. Nikamwambia labda anasali. Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye mlango wa chumba chake. Tukasimama.

Baba alikuwa akiongea Kiluhya kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wawili ambao wameamka lakini hawajatoka kitandani. Alisema jambo kuhusu ng'ombe. Akanyamaza kwa muda unaotosha mtu kujibu. Akacheka kidogo. Akasema, "La, huyo tuliuza." Akanyamaza tena. Nilikua nikiyasikia mazungumzo hayo nyuma ya ukuta wa udongo miaka yote ya utoto wangu, na nilijua urefu wa kila kimya, kwa sababu nilijua mama alivyokuwa akijibu. Kimya cha baba kilikuwa cha urefu uleule.

Kisha akasema waziwazi, "Nimesikia. Umesema hapo si kwako. Nakuja."

Nilimrudisha mtoto jikoni. Uji ulikuwa umeungua.

Sasa lazima niseme jambo ambalo hadi asubuhi ile hakuna mtu aliyelijua isipokuwa mimi.

Mama alipougua, mimi ndiye niliyemleta mjini. Nilikuwa karibu, nilikuwa na mshahara wa ualimu, kwa hiyo kazi iliniangukia. Nilimfikisha hospitali kubwa, wakamchukua kwa kiti cha magurudumu, nikaambiwa wageni hawaruhusiwi. Nikamwambia nitarudi kesho. Kesho yake nilirudi nikaishia langoni, na kesho kutwa vilevile. Siku ya nne alinipigia simu. Pumzi yake ilikuwa fupi, alikuwa akikata maneno vipande. Aliniambia, "Mwambie baba yako aje anichukue. Hapa si kwangu."

Nikamjibu, "Sawa mama, nitamwambia."

Sikumwambia. Nilijua baba angeanza safari hata kwa miguu, na askari walikuwa barabarani, na hata angefika, lango lingemkataa kama lilivyonikataa mimi. Nilijiambia nitamngoja apate nafuu kidogo. Siku ya pili yake mama akafa. Alizikwa kesho yake saa nne asubuhi na wanaume wanne waliovaa mavazi meupe yaliyowafunika hadi usoni. Sisi tulisimamishwa mbali, kwenye ukingo wa shamba la miwa. Sanduku halikufunguliwa. Baba hakuuona uso wake. Alisimama na fimbo yake hadi wale wanaume wakavua yale mavazi, wakayachoma, wakaondoka na gari lao.

Yale maneno ya simu niliyafungia ndani. Sikumwambia mume wangu, wala padri. Na sasa nilikuwa nimeyasikia yakitoka kinywani mwa baba, nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto wangu.

Unaweza kuyaeleza upendavyo. Mimi mwenyewe nimejaribu. Labda mama aliwahi kumwambia maneno hayohayo siku nyingine. Labda mtu yeyote aliyelazwa husema hivyo. Lakini asubuhi ile mwili wangu ulikuwa baridi hadi kwenye meno, na siku haikunipa nafasi ya kukaa chini. Fundi alipiga simu kuwa nguo iko tayari. Kanisani wakasema viti vichukuliwe kabla ya saa sita. Nilimwacha ndugu yangu na baba, tukashuka sokoni mimi, senge na binti yangu.

Saa saba kasorobo ndugu yangu akapiga simu. Alikuwa ametoka kupokea viti barabarani, dakika kumi tu. Aliporudi mlango ulikuwa wazi. Baba hayuko. Mkoba hauko.

"Umetafuta kwa jirani?"

"Nimetafuta kila mahali. Hata kwenye choo cha nje."

Nilimwambia apande hadi steji ya matatu, labda baba ameamua kurudi nyumbani. Senge na mtoto niliwaambia wazunguke soko. Mimi nikasimamisha boda boda. Mwendeshaji akauliza wapi, nikajisikia nikisema, "Hospitali." Nilikuwa sijawaza jambo lolote. Neno lilitoka.

Njiani mvua ikaanza, ile ya kwetu ya kila mchana, na ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka yote hiyo sikuwahi kupita tena kwenye lango lile. Shule ninayofundisha iko upande wa pili, na nikiwa na safari ya kupita huko huwa nazunguka. Sikuwahi kuamua hivyo. Nilizunguka tu.

Askari wa langoni hakunihoji. "Mzee wa mkoba?" akasema. "Yuko pale kwenye benchi. Anasema anangojea mgonjwa wake, anauliza watamruhusu saa ngapi. Tumemuuliza wodi, hajui."

Baba alikuwa ameketi chini ya paa la mabati, pamoja na watu wengine waliokuwa wakingojea watu wao. Mtu alikuwa amempa chai kwenye kikombe cha plastiki. Alikuwa mkavu kabisa, kwa hiyo alifika kabla ya mvua. Alikuwa ametembea kutoka Shirere peke yake, mzee wa magoti mabovu, katika mji ambao hawezi kukuonyesha posta yake. Hakuuliza nimefikaje. Alisogea kunipa nafasi.

"Bado hawajamtoa," akasema.

Nikaketi. Mkoba ulikuwa wazi magotini mwake. Ndani mlikuwa na gauni la kijani la mama lenye maua meupe, limepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Palikuwa na leso, sweta, kipande cha sabuni kwenye karatasi, na ndara za bluu, moja ikiwa imeshonwa kwa waya mahali ilipokatika.

"Hawezi kutoka na nguo za hospitali," akanieleza. "Watu watamwangalia."

Nilitaka kusema baba, mama alikufa. Nilikumbuka aliyoniambia senge, siku tatu bila kula. Nilitazama ile ndara iliyoshonwa. Halafu nikamwambia jambo lingine, lile nililokuwa nimelificha.

"Baba, mama alinipigia kutoka hapa. Aliniambia nikwambie uje umchukue. Alisema hapa si kwake. Mimi sikukwambia."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati, nikadhani hakusikia. Nikaanza kurudia. Akainua mkono.

"Wewe ulimjibu aje?"

"Nilisema nitakwambia."

 Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa wodi, ambako mwuguzi alikuwa akimsaidia mwanamke mmoja kushuka ngazi.

"Amengoja sana," akasema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angenifokea.

"Nisamehe, baba."

"Mimi ni nani? Muombe yeye." Kisha akanigeukia, na macho yake wakati huo yalikuwa macho ya zamani, ya mtu aliyekata miwa miaka thelathini bila kudanganywa na mnyapara yeyote. "Unafikiri nimepotewa na akili. Najua mlizika sanduku. Nilikuwepo. Lakini mimi niliona sanduku. Mtu sikumwona."

Ndugu yangu alifika akiwa amelowa, na senge na binti yangu nyuma yake. Nilikuwa nimewapigia. Ndugu yangu alitaka tumwinue baba twende, wageni wengine walikuwa wanakuja jioni, jogoo bado hajachinjwa. Senge akamzuia. Alitazama gauni lile ndani ya mkoba kwa muda, kisha akaketi upande wa pili wa kaka yake.

"Hatukumwita," akasema.

"Hatukumwita nani?" ndugu yangu akauliza.

"Mama yenu. Mtu akifia mbali, watu wake wanaendanga pale mahali, wanamwita jina, wanarudi naye. Hata wa ajali wanaitwanga pale barabarani. Sisi tuliambiwa tusikusanyike, tukaogopa, tukaenda nyumbani na sanduku." Akajipangusa uso kwa ncha ya leso. "Mimi ni mama wa kanisa, mnanijua. Sijui padri atasema nini. Lakini hatukumwita."

Nilimtazama binti yangu, ambaye kesho yake angesimama mbele ya askofu na kukiri imani. Ningeweza kumwambia aondoke. Sikumwambia.

Baba alisimama. Alitembea hadi kwenye ukingo wa paa, mahali panapoanza mvua, akiwa na mkoba mkononi, akamwita mama. Hakutumia jina la kanisani. Alitumia jina lake la usichana, lile alilokuja nalo kuolewa, ambalo mimi nilikuwa nimelisikia mara tatu au nne tu maishani. Alimwita mara moja, bila kupaza sauti, kama mtu anayemwita mkewe kutoka uani.

"Khutsie ingo," akamwambia. Twende nyumbani.

Watu kwenye benchi walimgeukia. Nilidhani watacheka. Mwanamume mmoja mwenye bendeji mkononi alivua kofia yake.

Sitasema niliona kitu. Niliona mvua, na gari la wagonjwa limeegeshwa, na mlango wa wodi uliofunguka kidogo kisha ukabaki hivyo, bila mtu. Upepo, nadhani. Lakini baba alisogea kando hatua moja, kama unavyompisha mtu kwenye njia nyembamba. Na senge, aliyekuwa ameketi, alisimama.

Ndugu yangu alipata tuktuk. Baba aliushika mlango wake wazi kwa muda, hadi dereva akageuka na kuuliza kama kuna mwingine tunayemngojea.

"Ameshaingia," baba akasema. "Twende."

Tulibanana watatu upande mmoja, mimi, senge na mtoto, na hakuna aliyehitaji kuambiwa asogee. Ndugu yangu alifuata kwa boda boda. Nafasi iliyoachwa kando ya baba ilikuwa ndogo, mama hakuwa mtu mkubwa. 

Jioni ile ilikuwa na shughuli nyingi. Wageni wawili wa upande wa mume wangu walifika na soda, tukachinja jogoo, ndugu yangu akapanga viti vya kanisa uani. Binti yangu aliandaa meza. Hakuna aliyemwambia lolote, lakini nilipoingia niliona amehesabu sahani, na moja ilikuwa ya ziada, imefunikwa kwa bakuli, mwisho wa meza. Nilimwangalia. Akashusha macho, akaendelea kukunja vitambaa.

Nilipopita karibu na ile sahani nilisimama. Watu wote walikuwa uani. Nikasema kwa sauti ndogo, kwa Kiluhya, kwamba nilikosea, kwamba niliogopa askari na lango, na kwamba nilidhani tutapata siku nyingine. Sikujibiwa. Lakini nitawaambia ukweli: nilingoja jibu, na nililingoja kwa ule urefu wa kimya ambao ningengoja angekuwa hai. Halafu mtu akaita nje kuuliza chumvi.

Jumapili kanisa lilijaa hadi milangoni. Binti yangu alipendeza katika nguo yake. Fundi alikuwa ameongeza ukingo wa lesi kuficha kosa lake. Sisi tulikaa benchi ya tatu. Mama mmoja mnene alikuja akitaka kujibana mwisho wa benchi, kando ya baba.

"Pana mtu hapo," baba akamwambia kwa adabu.

Yule mama akaitazama mbao tupu, akanitazama mimi. Mimi ni mwalimu, nusu ya watoto waliokuwa wakipokea kipaimara siku ile nimewafundisha. Nilimwambia, "Samahani mama, pana mtu." Akaenda kutafuta mahali pengine.

Waliondoka saa kumi. Kwenye steji baba alinipa mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akaushikilia. Mkoba alimwachia ndugu yangu aubebe, bila neno. Senge alininong'oneza nisiwe na wasiwasi, akanikumbusha nirudishe kikapu chake nikija Krismasi.

Nyumba ilikuwa kimya niliporudi. Nilitoa shuka kwenye kitanda alicholalia baba. Upande mmoja ulikuwa umekunjamana. Ule mwingine, wa ukutani, ulikuwa umekunjamana pia. Baba alilala vibaya, nilijiambia, aligeukageuka. Binti yangu aliomba alale na mimi wiki ile, nami nikakubali haraka kuliko alivyotegemea.

Tangu siku hiyo baba hajauliza tena mama yuko wapi. Senge anasema analala vizuri na anakula, ingawa mambo mengine yanaendelea kumponyoka. Amesahau kwamba ng'ombe waliuzwa. Mwezi wa kumi na moja alisahau jina langu, akaniita kwa la dada yake. Mimi nilirudi kupita lile lango la hospitali, mara moja kwanza, halafu mara nyingi. Huwa naharakisha mwendo.

Majuzi nilipiga simu nyumbani, na kwa bahati aliyepokea ni baba mwenyewe. Tuliongea kuhusu mvua na mahindi. Nilipotaka kuaga, akaniambia ningoje kidogo. Nikasikia ameweka simu chini, nikasikia viatu vyake vikienda chumbani, mlango ukilia, kisha viatu vikirudi.

"Nilitaka akusalimie," akasema, "lakini amelala."

"Sawa, baba," nikasema. "Usimwamshe."